Msiba Usio na Matanga

Kufiwa tunakujua. Baba akifariki, jamvi hutandikwa, vijana hupasua kuni, majirani huleta unga na sukari, na hakuna anayemwuliza mwana kwa nini analia. Lakini aliyekulia kwenye kipigo na matusi, au aliyeharibiwa na ndugu wa humo humo nyumbani, hana jamvi la kukalia. Wazazi wake wapo, tena Idi wanakula pamoja. Kilichomtoka ni utoto wenyewe, na kwa huo hapewi pole.

Si wachache hao. Katika utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, karibu wasichana 3 katika kila 10 wa miaka 13 hadi 24 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kupigwa ndiyo usiseme: takriban robo tatu, wa kike kwa wa kiume.

Wakithubutu kusema, jibu li tayari: yaliyopita si ndwele. Shangazi, shehe, mchungaji, wote wanahimiza msamaha. Siupingi, napinga haraka yake. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992 alipanga hatua za kupona: usalama kwanza, kisha kukumbuka na kuomboleza, ndipo kurudi kwa watu. Akaonya kwamba anayeota kisasi na anayekimbilia kusamehe wanakwepa kitu kimoja: kilio.

Kilio chenyewe huja bila hodi. Mama anamfunga bintiye vifungo vya sare ya shule, anaona mabega yalivyo madogo, na papo hapo anatambua kuwa naye alikuwa hivyo hivyo alipochapwa kwa waya. Miaka yote alijiambia alikuwa mtundu, alistahili. Machozi hayo ndiyo yanayomtua lawama isiyokuwa yake.

Watakuwepo wa kusema tunafundisha utovu wa adabu. Hata kidogo. Mtu anaweza kumnunulia mzazi wake dawa kila mwezi na bado akalilia alichonyimwa naye.

Ila tusichanganye mambo. Maombolezo ni ya aliyekwisha kutoka hatarini. Mtoto anayeumizwa leo hahitaji kubembelezwa avumilie. Anahitaji kuondolewa hapo alipo. Ukimjua mmoja, Tanzania na Kenya namba ni 116, na kupiga ni bure.