Kutu Si Ulinzi

Nimeambiwa mara nyingi, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba kazi niliyoifanya mwaka 2022 ilikuwa ya kipuuzi. Wengine wamesema ni ya hatari. Kazi yenyewe ilikuwa kufufua mashine ndogo ya mkono ya kujazia risasi za bunduki ya marisau, aliyoiacha marehemu baba yangu hapa Kibara. Wanaonilaumu ni wa aina tatu, nami nimeona niwajibu kwa maandishi, maana maneno ya barazani huchukuliwa na upepo wa ziwa.

Kwanza niieleze mashine, kwa kuwa wengi wanaoisema hawajaiona. Ni chombo cha chuma na shaba ya manjano, kirefu kupita shubiri kidogo, kinachobanwa ukingoni mwa meza kwa skrubu. Upande mmoja kina mkono wa kuzungusha, kama ule wa cherehani; upande wa pili kina wenzo wa kusukumia. Kimepigwa chapa ya James Dixon & Sons wa Sheffield, Uingereza. Zamani ganda la risasi ya marisau lilikuwa la karatasi ngumu, kitako chake cha shaba, na likishapigwa halikutupwa. Mwindaji alilirudishia fataki, baruti, kizibo na marisau, kisha mashine hii ikakunja mdomo wa ganda kwa ndani, kama fundi nguo anavyokunja pindo. Ganda moja liliweza kwenda porini na kurudi mara kadhaa.

Baba aliinunua mwaka 1963 kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akihama. Alikuwa na leseni ya bunduki na leseni ya kuwinda, na windo lake lilikuwa kanga na bata wa mwituni kando ya Ghuba ya Speke. Sisi watoto tulikuwa waokotaji wa maganda. Akitoka na risasi kumi, yalirudi maganda kumi, au risasi nzima na maganda ambayo jumla yake ni kumi. Aliyepoteza ganda siku hiyo alikula ugali kwa mchuzi mtupu, nyama ameitazama kwa macho. Kila risasi iliandikwa katika daftari la shule: tarehe ya kujazwa, tarehe ya kupigwa, na mnyama aliyepatikana au aliyekoswa. Daftari hilo ninalo hadi leo. Msomaji alishike akilini, kwa sababu hoja yangu yote imo ndani yake.

Mwaka 1973 Serikali ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima. Baba aliipaka mashine grisi, akaiviringishia kitambaa na kuiweka sandukuni. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1978, dunia ilikuwa imegeuka. Maganda ya plastiki yalikuwa yameenea, nayo midomo yake hukunjwa kwa namna nyingine, kama ua. Mashine ilikosa kazi. Baba alifariki mwaka 1984. Bunduki tuliirudisha polisi kama ilivyotakiwa, lakini mashine hakuna aliyeiuliza.

Ikafika mwaka 2013, mwaka wa Operesheni Tokomeza. Ilikusudiwa kuwakomesha majangili, lakini ilisitishwa mwezi Novemba mwaka huo huo baada ya malalamiko ya wananchi kufika Bungeni, na mwezi Desemba mawaziri wanne wakaondolewa. Habari zake zilipotufikia huku, kaka yangu aliingiwa na hofu. Usiku mmoja aliichukua mashine ya baba, hakumwambia mtu, akaifukia zizini chini ya samadi. Ilikaa humo miaka tisa. Anayefuga ng'ombe anajua mkojo na samadi hufanya nini kwenye chuma.

Tulipoifukua ilikuwa bonge la kutu. Kabla sijagusa skrubu hata moja nilikwenda kituo cha polisi na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Kijana aliyekuwa zamu alinipa shikamoo, akaigeuzageuza, akaniuliza: "Mzee, hiki ni cha kusagia nyama?" Nilimweleza, naye akamwita mkubwa wake. Walinisikiliza, wakaandika katika kitabu, wakapiga picha, wakanionya nisijaze risasi. Niliwajibu kwamba onyo hilo nililijua, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni. Nilichotaka ni chombo kizunguke tena, basi.

Kazi ilichukua miezi miwili. Niliilaza kwenye mafuta ya taa kwa wiki nzima, nikawa naigongagonga kwa nyundo ya mti ili nisiivunje. Skrubu mbili zilikatika. Fundi wa kuchomelea alizitoa kwa uvumilivu, kisha akachonga nyingine kwa tupa. Shaba niliisugua kwa limau na majivu, kama mama zetu walivyosugua vyombo vyao. Springi ya wenzo ilikuwa imeliwa kabisa; fundi baiskeli alinitafutia nyingine kwenye kiti kilichovunjika, tukaikata ikaenea. Mpini wa mbao ulikuwa umekwisha, seremala akanitolea mpya wa mninga. Mwisho nilisokota karatasi ya mfuko wa saruji na gundi, nikaiacha ikauke kwenye kijiti cha unene uleule wa ganda. Bomba tupu la karatasi, halina baruti wala fataki. Nililiweka mashineni, nikasukuma wenzo na kuzungusha mkono. Mdomo ulijikunja mviringo safi. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyeifukia, alilishika bomba lile muda mrefu bila kusema neno.

Sasa niwajibu wanaonilaumu.

Wa kwanza ni mnunuzi wa chuma chakavu. Alikuja na mzani wake wa kuning'iniza, akaipima, akanitajia bei kwa kilo. Nilipokataa alicheka: "Mzee, chuma ni chuma." Simlaumu sana, kwani anatafuta riziki. Ninaowalaumu ni sisi tunaomwuzia. Tumeuza cherehani za bibi zetu, mizani ya kupimia pamba, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, injini za mashua, vyote kwa kilo. Kisha tunasimama majukwaani na kulalamika kwamba vijana wetu hawajui ufundi. Wangejifunzia wapi? Fundi wa kuchomelea aliyenisaidia ana miaka ishirini na mitatu. Aliniambia kuwa hajawahi kushika chombo kilichotengenezwa ili kifunguliwe na kufungwa tena. Vyote anavyoletewa vimegandishwa, kikiharibika, kitupwe. Katika miezi miwili ile alijifunza mambo ambayo bei ya kilo tatu za chuma haimnunulii mtu. Mdharau chake ni mtumwa.

Wa pili ndio wengi, nao ni waoga wenye nia njema. Hawa husema: "Silaha ni silaha. Kitu cha risasi kikiota kutu, acha kiote. Kutu itatulinda." Kwao chombo kibovu ni chombo salama, na kilichofukiwa ni salama zaidi. Nathubutu kusema kwamba hawa wamekosea kuliko wote. Kutu haijawahi kumlinda mtu. Kutu huharibu chombo, lakini haigusi tamaa ya anayekitafuta, wala haimwondolei ujinga anayetaka kukitumia vibaya. Kilichofukiwa hakimo katika kitabu cha mtu yeyote, na anayekifukua anaweza kuwa mwizi. Kwa miaka tisa mashine ya baba haikujulikana na polisi, wala mwenyekiti, wala mimi mwenyewe. Leo imeandikwa, imepigwa picha, na kijiji kizima kinajua ilipo. Ni lini ilikuwa hatari zaidi?

Wala sisemi kwamba hofu ya kaka yangu haikuwa na sababu. Mtu akiogopa kwamba ukweli wake hautasikilizwa, huficha hata kilicho halali. Hilo ni somo kwa wenye mamlaka: mkitaka watu walete vitu mchana, wapokeeni kama nilivyopokelewa mimi, kwa kusikilizwa kwanza. Kijana yule aliyedhani ni kinu cha nyama alifanya kazi ya usalama kubwa kuliko vitisho, maana aliuliza.

Wa tatu ni mmoja tu, naye ndiye aliyenikosesha usingizi. Ni mpwa wangu. Alikuja jioni, akaisifu mashine, akazungusha mkono wake, kisha akashusha sauti: "Mjomba, kuna watu wangelipa vizuri. Wao wana baruti yao. Wewe unakunja tu."

Ndugu msomaji, hapo nilielewa maana ya wanaosema ningeiacha ioze. Lakini sikiliza yaliyofuata. Nilimwuliza: "Baruti ipi?" Akasema, "Baruti ni baruti." Nikamwuliza kama anajua tofauti ya baruti nyeusi ya zamani, yenye moshi mwingi, na baruti ya kisasa isiyo na moshi. Hakujua. Nikatoa sandukuni kikombe cha shaba alichopimia baba, nikamwambia: kikombe hiki kilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Ukikijaza baruti ya kisasa mpaka ukingoni, nguvu yake inaweza kupasua mtutu, na mtutu hupasuka karibu na uso wa mpigaji. Nikamkumbusha jirani yetu wa zamani aliyekuwa hana vidole viwili vya mkono wa kushoto. Tangu utotoni mpwa wangu aliambiwa kuwa ni mamba. Haikuwa mamba, ilikuwa gobore.

Kisha nikamfungulia daftari la babu yake. Alisoma kurasa nyingi. Aliona tarehe, idadi, "nimekosa", "nimekosa", "kanga mmoja". Aliona ganda moja lililopotea mwezi Julai 1969, likaandikwa kwa wino mwekundu, na wiki mbili baadaye limeonekana, likaandikwa tena. Akaniuliza, "Babu alikuwa akimwandikia nani?" Nikamjibu: "Alijiandikia mwenyewe, ili siku akiulizwa asibabaike." Hakurudia tena ombi lake. Siapi kwamba hatalirudia kwa mtu mwingine. Lakini najua kuwa kama mashine ingekuwa bado bonge la kutu chini ya samadi, watu wale wenye baruti wangempata mpwa wangu hajui kitu, na mimi nisingekuwa na la kumwonyesha.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja. Kufufua chombo si sawa na kukirudisha kazini. Risasi za nchi hii zina mahali pake pa kutengenezwa kihalali, kama Shirika la Mzinga kule Morogoro, na mzee wa Kibara hana sababu ya kushindana nalo mezani kwake. Lakini kukijua chombo, kukifungua, kukitengeneza, kukitaja jina mbele ya vijana na mbele ya sheria, hiyo ni kazi ya mzee hasa. Usalama wa kijiji hutoka kwa watu wanaojua walicho nacho, wakakiandika, wakakiweka peupe. Anayefukia na anayeyeyusha wote wawili wanafuta daftari.

Mkoa wetu una Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Siku nikiwa tayari kuagana na mashine hii nitaomba ipokelewe huko, pamoja na daftari lake, kwa maana moja bila jingine haina maana. Na kama haitapokelewa, basi kila kata na ianze na kabati moja lenye kufuli katika ofisi yake, na kitabu cha kuandikia vyombo vya wazee: jina la chombo, kazi yake, aliyekitumia, na kwa nini kiliacha kutumika. Kabati na kitabu si gharama ya kuishinda kata.

Kwa sasa mashine imebanwa kwenye meza yangu, imepakwa mafuta, na kila Jumamosi fundi wangu wa kuchomelea huja kuifungua na kuifunga mpaka aijue gizani. Mwezi uliopita hakuja peke yake, alikuja na mpwa wangu.