Fanani Anapofungiwa Redio

Aghalabu wahakiki wetu huukuta wimbo uliouzwa sana, wakaupachika jina la fasihi pendwa, wakapita. Majuzi mwanafunzi mwenzangu alinikejeli kwa kuitaja albamu ya muziki wa kantri katika mjadala kuhusu fanani na hadhira. Naomba nimjibu hapa.

Bendi yenyewe ni ya wanawake watatu, Natalie Maines, Martie Maguire na Emily Strayer. Ilianzia Texas, ikavuma kwa jina la Dixie Chicks hadi mwaka 2020 ilipojiita The Chicks. Tarehe 10 Machi 2003, siku chache kabla ya Marekani kuivamia Iraq, Maines alitamka jukwaani London kwamba wanaona haya kuwa Rais George W. Bush ametoka Texas. Vituo vingi vya kantri viliacha kupiga nyimbo zao. Katika jimbo la Louisiana, santuri zao zilipondwa kwa trekta.

Mwaka 2006 walitoa *Taking the Long Way*. Ilishika nafasi ya kwanza Marekani katika wiki yake ya kwanza, ikauza huko zaidi ya nakala milioni mbili, na mwaka 2007 ikawapatia tuzo tano za Grammy. Redio za kantri hazikuwa na mkono mkubwa katika hayo.

Mwenzangu anadai kwamba tuzo zile zilikuwa za kisiasa. Yamkini. Hata hivyo, msikilizaji aliyetoa pesa zake dukani hakuwa mjumbe wa kamati yoyote.

Kwangu mimi, uzito uko katika utunzi. Awali bendi hii iliegemea sana tungo za wengine. Safari hii watatu hao walishiriki kutunga nyimbo zote 14. Aliyetukanwa haazimi kinywa cha kujibia. Katika "Not Ready to Make Nice", nafsineni inakataa suluhu bila kumtaja hasimu wake kwa jina. Msomi wa taarab atatambua hapo jamaa ya mpasho, ingawa huu hauna fumbo. Hasira yake i wazi.

Sisemi walishinda kila kitu. Kwa sikio langu, *Home* ya mwaka 2002, isiyo na ngoma, ni tamu zaidi. Vitabu vyetu huichora hadhira kama duara linalomzunguka fanani na kumwitikia; havisemi mengi kuhusu duara linalovunjika. Mwaka huo huo wa 2006, baadhi ya maonyesho yao Marekani yalifutwa kwa uhaba wa wanunuzi wa tikiti. Albamu yao ya studio iliyofuata ilitoka mwaka 2020.