Miguu ya wenye kisukari isingoje msumeno

Katika kata ya Kituntu wilayani Karagwe, kama ilivyo kwa majirani zao wa Kyerwa, mguu ndio mtaji wa kwanza wa mkulima. Ndio unaomfikisha kibanjani kupalilia migomba na kuchuma kahawa, na ndio unaobeba mkungu hadi barabarani. Unapovimba, ukawaka moto usiku au ukafa ganzi, sababu hupatikana upesi: ni kazi za shamba, ni uzee, au mwenyewe “amekanyaga kitu”. Kisukari hutajwa mwisho, mara nyingi kidonda kikiwa kimeshatoa harufu.

Enzi ya kuuita huu ugonjwa wa mabosi wa mjini imekwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kwamba katika vijiji vya Tanzania, wenye kisukari hawakufikia hata mtu mzima mmoja kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta takriban 9 kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Wengi hawajui kuwa wanao, na wapo wanaoambiwa siku wanapopeleka mguu ulioharibika.

Sukari ikikaa juu kwa miaka hudhuru mishipa ya fahamu na kuziba ile ya damu. Mwanzoni miguu huuma na kuchoma. Kisha maumivu huondoka, na hapo ndipo mgonjwa hudhani amepona. Hajapona, mguu umenyamaza tu. Msumari hupenya ndala asijue. Huota moto jikoni akaungua asijue. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usingizini bila kuhisi. Asiyeamshwa na meno ya panya hawezi kushtuliwa na kijiwe ndani ya buti la mvua.

Uvimbe nao si wa kudharau. Ukiwa wa miguu yote miwili, huenda figo au moyo umeanza kushindwa kazi. Ukiwa wa mguu mmoja, mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hata kama hakuna kidonda, basi huenda kuna maambukizi au mifupa inavunjika kimyakimya, na kila hatua inauharibu zaidi. Mgonjwa huyo anatakiwa asiukanyagie na afike hospitali siku hiyohiyo. Nyumbani hufanyiwa kinyume chake: maji ya moto yenye chumvi, majani yaliyopondwa, pengine na chale. Maji ya moto kwa ngozi iliyokufa ganzi ni kuongeza kidonda juu ya ugonjwa, na tunashangaa kwamba ushauri huu bado unatolewa kwa nia njema na watu wenye busara.

Gharama ya kuchelewa inajulikana. Kidonda ambacho muuguzi wa zahanati angekisafisha na kukifunga, kikiachwa hufika kwenye mfupa. Hapo safari ni ya Bukoba, au ya Bugando, Mwanza, ng’ambo ya Ziwa Victoria, pamoja na nauli na chakula cha anayemuuguza. Kahawa huuzwa kwa butura ikingali maua mtini, kwa bei ya mnunuzi. Isipotosha, kipande cha kibanja hufuata. Mgonjwa hurudi na mguu mmoja kwenye nchi ya vilima, na mtoto mmoja huacha shule ili amhudumie. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa sehemu kubwa ya waliokatwa miguu kwa kisukari hufariki ndani ya miaka mitano.

Linalokera ni kwamba Tanzania haihitaji kwenda kujifunza kwingine. Mradi wa Step by Step, ulioanza hapa nchini mwaka 2004, uliwafunza madaktari na wauguzi wawiliwawili kutoka vituo mbalimbali namna ya kukagua na kutibu miguu ya wenye kisukari. Wagonjwa wakaanza kufika vidonda vikiwa havijakomaa, na ukataji wa miguu ukapungua. Wala kisingizio cha vifaa hakisimami. Kipo kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, kinachotumia kidole cha mpimaji peke yake: mgonjwa hufumba macho, vidole vyake vya miguu huguswa taratibu kimoja kimoja, naye hutaja anapohisi. Hakimalizi dakika mbili.

Kwa hiyo halmashauri za Karagwe na Kyerwa ziufanye ukaguzi wa miguu kuwa sehemu ya kila hudhurio la mgonjwa wa kisukari, kuanzia zahanati. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wafundishwe kipimo hicho na wapite nacho majumbani. Utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 usiiache nje huduma ya kidonda cha mguu kwa mtu wa kijijini. Waganga wa jadi na viongozi wa dini, ambao huona miguu hii kabla ya daktari, wawape watu rufaa badala ya matumaini.

Nanyi mnaoishi na mzazi mwenye kisukari, kagueni nyayo zake kila jioni, katikati ya vidole na ndani ya viatu pia, wala asitembee peku hata uani.

Kliniki inayompima mgonjwa sukari kisha ikamrudisha nyumbani bila kumvua viatu haijamhudumia, na wa kuulizwa ni waganga wakuu wa wilaya hizi mbili.