AI Imemeza Chipu Zote: Mbona SSD ya Laptopu Yako Kaloleni Imepanda Bei

Kama unaishi Kaloleni, namaanisha hii yetu ya Kisumu, si ile ya Nairobi wala ile ya Kilifi, unajua hii stori hata kabla niianze. Unawasha laptopu. Unatoka kununua mandazi. Unarudi, bado ile duara inazunguka. Unamaliza chai yote ndio skrini inafunguka, na ukigusa Chrome tu mashine inaganda kama mtu ameulizwa deni mbele ya wageni.

Kwa miaka kadhaa dawa ya hiyo maneno ilijulikana na kila fundi wa mtaa: toa hadidiski, weka SSD. Kabla bei zianze kupanda mwisho wa 2025, SSD ya GB 256 ilikuwa inaenda kama thao tatu hadi nne hivi. Fundi anachukua bisibisi, anafungua mashine chini, anabadilisha, anakuwekea Windows, na unaenda keja na kitu inawaka kabla umalize kukaa vizuri. Sai ukiuliza bei pale Oginga Odinga Street unaweza kudhani muuzaji amekuona fala. Omera, usimpigie kelele. Safari hii shida haijaanzia Kisumu.

Wacha kwanza nieleze mbona hii kitu ndogo ina maana hivyo, juu kuna wasee bado wanaambiwa waongeze RAM na hawajui mbona haisaidii.

Hadidiski ni chuma inazunguka. Ndani kuna sahani na mkono mdogo wa kusoma. Zile za laptopu nyingi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Inasikika ni mbio, lakini piga hesabu. Kila kipande cha data kikiitishwa, mkono lazima usonge hadi kwa mstari wake, halafu usubiri sahani izunguke ikilete. Hapo milisekunde kama 15 zimeenda. Kwa sekunde moja inaokota vipande sitini au sabini hivi, basi. Na Windows ikiwaka inaitisha maelfu ya vipande vidogo vidogo, vimetawanyika kila kona. Ni kama muuza viatu vya mtumba pale Kibuye ako na kijana mmoja tu wa kutafuta mguu wa pili kwa lundo, na wateja elfu mbili wamepanga laini. Huyo kijana hata akiwa na mbio za Omanyala, laini haitaisha leo. SSD haina sahani, haina mkono, ni chipu tupu, na kipande kinatoka kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Ndio maana ukiongeza RAM na kuacha hadidiski mle ndani, umeongeza viti kwa duka ila mtafutaji viatu ni yule yule.

Kuna pia mambo ya mtaa. Mkono wa hadidiski unaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unywele, kwa hivyo ukiifunga kwa begi bado inazunguka na urukie boda, kila tuta ni kamari. Na stima ikipotea ghafla katikati ya kuandika data, mashine ya mezani isiyo na betri inaweza kuharibu faili. Tangu ule usiku wa 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ikakaa giza kwa masaa mengi, hakuna mtu anahitaji kuelezewa hiyo. SSD nayo haipendi stima ikatike ikiandika, tusidanganyane, lakini kugongwagongwa njiani haiishtui.

Na usidhani hizi ni starehe za watu wa kucheza gemu. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Ruto alizindua Gava Mkononi, huduma zaidi ya 5,000 zikawekwa kwa eCitizen. Tangu hapo ukitaka karibu chochote cha serikali unapitia kwa skrini. Ingia saiba yoyote wiki ya mwisho ya Juni, wakati watu wanakimbizana na returns za KRA ndio wasipigwe faini ya thao mbili, uone laini. Mwenye saiba ako na mashine nne, mbili zina hadidiski ya zamani. Kila mteja anasubiri ukurasa ufunguke, wa nyuma anachoka, anaenda kwa jirani. Hiyo ni doh inatoka mlangoni ikitembea. Sasa chukua msee anayefanya kazi za mtandao kutoka keja, kuandika maneno ya video au kupanga data, analipwa kwa kila kazi amemaliza. Mashine ikiganda, hakuna anayemlipa zile dakika. Huyu ndiye alikuwa anaokolewa na SSD ya thao tatu.

Haya, bei imepandishwa na nani?

Chipu za kuhifadhi data zinatengenezwa na kampuni chache sana. Samsung na SK hynix kule Korea Kusini, Kioxia ya Japani, Micron na Sandisk za Marekani, na YMTC ya Uchina. Hao ndio wakubwa, umewamaliza kwa vidole vya mikono miwili na vingine vimebaki. Mwaka wa 2023 walikuwa wamezalisha kupita kiasi, stoo zikajaa, bei ikaanguka vibaya. Ndio ule wakati SSD zilikuwa rahisi hadi fundi anakusukumia mbili. Wakapata hasara, wakapunguza uzalishaji. Halafu AI ikaingia na njaa yake. Vituo vya data vya hizi kampuni kubwa vinahitaji RAM ya kasi na SSD kubwa kwa maelfu, na vinalipa bila kubargain. Ukiwa mwenye kiwanda, utauzia nani: yule anayechukua lori nzima, au wewe na GB 256 yako?

Micron walijibu hilo swali hadharani. Tarehe 3 Desemba 2025 walitangaza wanaacha biashara ya Crucial, ile brandi yao ya RAM na SSD za watu wa kawaida, na kwamba wataendelea kupeleka mzigo hadi Februari 2026 tu. Sababu waliyotoa ni kwamba vituo vya data vya AI vimeongeza mahitaji, na wanataka kuhudumia wateja wakubwa zaidi. Hawakuficha. Wewe si mteja mkubwa.

Huwezi hata kusingizia dola. Mwanzo wa 2024 ilikuwa imegonga karibu shilingi 160, ikashuka, na tangu katikati ya huo mwaka imekaa pale pale karibu 129. Shilingi imetulia na bei bado inapanda. Na ikipanda kule, VAT ya asilimia 16 inahesabiwa juu ya hiyo bei mpya, kwa hivyo serikali nayo inapata kidogo zaidi kwa shida yako bila kuinua mkono.

Lakini kitu inaniuma mimi ni hii. Hizi AI zilifundishwa na nani? Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu vijana wa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, waliokuwa wakisoma uchafu wa kila aina ndio mfumo wa OpenAI ujifunze kuutambua. Walikuwa wanaondoka na chini ya dola mbili kwa saa. Hao walikuwa kwa ofisi. Kulikuwa na wengine wengi majumbani, kwa Remotasks, wakichora viboksi juu ya magari na watu kwenye picha na kuchagua jibu lipi ni bora, kila mtu na laptopu yake, bando yake na stima yake. Machi 2024 Remotasks ikafungia Wakenya, bila kuwapa muda wa kujipanga. Kazi ikaenda. Miaka miwili haikuisha vizuri na zile AI zenyewe zikarudi kuchukua chipu ambayo ingefanya ile laptopu ya zamani iweze kutafuta kazi nyingine. Mimi si mchumi, chuo chenyewe niliachia njiani, lakini hii hesabu sihitaji lekchara anifanyie.

Serikali nayo inaongea sana kuhusu waya. Tumeahidiwa kilomita 100,000 za faiba na sehemu 25,000 za WiFi ya bure. Poa. Lakini faiba ikifika mlangoni kwako Kaloleni ikute mashine inayochukua dakika nne kufungua Chrome, itakuwa imefika kufanya nini? Sijasikia mwanasiasa hata mmoja akitaja mashine yenyewe. Kuondoa VAT kwa SSD na RAM kungegharimu kidogo kuliko ribboni za kuzindua hivyo vituo vya dijitali. Hii ni maoni yangu, unaweza kuikataa.

Juu ya hayo yote kuna Windows. Microsoft waliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu binafsi anaweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, na kuna njia ya bure kama una akaunti yao na unakubali kuhifadhi mipangilio yako kwao. Windows 11 nayo inabagua: kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kuendelea. Hapa ndipo ex-UK zinatuchezea. HP EliteBook 840 G3 imejaa mtaani, ni mashine imara, lakini prosesa yake ni kizazi cha 6, iko nje. 840 G5 inayofanana nayo ukiiangalia haraka mara nyingi ni ya kizazi cha 8, na hiyo inakubaliwa. Namba moja tu kwa jina. Kama unanunua leo, angalia hiyo namba kabla uangalie rangi.

Je, kama tayari uko na G3, uiwekee SSD kwa hizi bei mpya? Mimi nasema ndio, ila ndogo. Bado ni rahisi kuliko laptopu nyingine. Chukua GB 256, weka mfumo na programu tu. Kama kazi yako yote iko ndani ya Chrome, weka Linux Mint, ni ya bure na haina shida na kizazi cha 6. Ile hadidiski ya zamani usiitupe, nunua kesi ya USB uitie ndani, ikae na movie zako na bekapu. Bekapu usiicheze, juu hadidiski mara nyingi hulia kabla ife, inagonga kokoko unajua siku zimefika. SSD inaweza kuzima siku moja tu, kimya, bila kuaga.

Na vile bei imepanda, wakora nao wameamka. Ukiona SSD ya nje ya TB 16 kwa bei ya viatu, hiyo ni kadi ndogo ya kumbukumbu imebandikwa ndani ya kesi kubwa na kudanganywa iseme ni TB 16. Itakubali faili zako vizuri hadi ijae, halafu inaandika juu ya zile za kwanza. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza yote na kuisoma tena, uongo unatoka. Kwa SSD ya ndani tumia CrystalDiskInfo, bure pia. Mwambie fundi aifungue mbele yako kabla utume M-Pesa. Angalia masaa ambayo hiyo diski imekuwa ikiwaka. Ukiambiwa ni mpya na ina masaa 9,000, hiyo imeshafanya kazi zaidi ya mwaka mzima mchana na usiku mahali fulani. Ya mitumba si dhambi, lakini ilipwe bei ya mitumba.

Kitu ya mwisho, na hii nawaambia hasa wenye saiba. Ile hadidiski inayotolewa ina nini ndani? Skani za vitambulisho, PIN za KRA, vyeti, picha za pasipoti za nusu ya mtaa. Kufuta na kumwaga debe la taka hakuondoi hizo faili, kunaondoa jina lake tu, na mtu mwenye programu ya bure anazirudisha jioni moja. Mwaka wa 2009 waandishi wa kipindi cha Frontline cha Marekani walinunua hadidiski kuukuu kule Ghana kwa kama dola 40, wakakuta ndani nyaraka za kandarasi za Northrop Grumman, kampuni ya silaha yenye pesa kuliko kaunti zetu zote. Sasa fikiria saiba ya mtaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama duka lako ni mlango mmoja. Kabla uiuze au umwachie fundi kama sehemu ya malipo, iandikwe sufuri juu ya diski nzima. Inachukua masaa, iache usiku ijifanyie. Na kama imekufa kabisa, fungua zile sahani uzikwaruze na msumari.