Nati Iliyojificha Chini ya Zulia

Juma hili twawaomba mfunue zulia la gari. Mshipi wa usalama tunaomfungia mtoto hushikwa na bolti iliyoingia katika nati, nayo nati imechomelewa kwenye bodi ya gari, upande usioonekana. Meno ya nati hiyo yakilika, au nati yenyewe ikibanduka, mshipi huonekana mzima na hali hauna nguvu.

Na nguvu ndiyo itakiwayo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 20 huuvuta mshipi kwa nguvu ya uzito wa kilo 280 hivi.

Hapa kwetu Pwani, adui wa kwanza ni kutu. Hewa ina chumvi, na mchanga wenye maji turudio nao kutoka ufuoni hulala chini ya zulia. Adui wa pili ni haraka ya gereji. Bolti nyingi za mishipi, hata katika magari ya Kijapani, zina unene wa inchi 7/16, yaani milimita 11 na kidogo, na meno 20 kwa kila inchi. Fundi akilazimisha bolti ya milimita 12, huyasaga meno ya nati.

Dawa hufuata ugonjwa. Ikiwa meno yameziba kwa kutu au rangi tu, fundi huyasafisha kwa chombo cha kukatia meno cha kipimo kile kile. Ikiwa meno yamelika au nati inazunguka, haifai gundi, wala waya, wala skurubu nene ya kulazimishwa. Hukatwa bati lililooza mpaka kifikiwe chuma kizima, kikachomelewa kipande kipya cha chuma kipana kuliko tundu, chenye nati mpya ya kipimo cha asili. Bolti yenye kutu nayo hubadilishwa kwa nyingine ya nguvu ile ile.

Kabla ya kuchomelea, betri hufunguliwa, na kiti, zulia na mshipi wenyewe huondolewa, kwani cheche moja huweza kuunguza uzi wa mshipi. Mabomba ya petroli yajulikane yalipopita, na kizimamoto kiwe karibu. Kazi ikiisha, pande zote mbili hupakwa rangi ya kuzuia kutu. Kuchomelea huunguza rangi ya zamani, na chuma kilichoachwa uchi kitarudia kuoza.

Mama wa nyumbani asidhani haya ni ya wanaume peke yao. Mara nyingi yeye ndiye amfungaye mtoto mshipi kila asubuhi. Ashike mshipi pale ulipofungwa chini, autikise kwa nguvu. Ukicheza, au zulia likiwa na majimaji na vumbi jekundu la kutu, kiti hicho kisikaliwe na mtu mpaka kitengenezwe.

Na siku ya kulichukua gari, tumwambie fundi mapema kwamba zulia lisirudishwe kabla hatujaiona kazi. Fundi mwaminifu hatakasirika, atafurahi kuionyesha. Roho za watoto wetu ni amana, na amana haifunikwi kwa zulia.