Kompyuta ikijizima, umeme ndo mchawi?

Wadau, hili limenichosha! Kompyuta ikijizima ghafla, fundi anakwambia "umeme wa Kigoma huo, nunua pawa saplai." Kapima? Wapi! Enzi za majenereta ya dizeli tulielewa, ila 2022 tuliunganishwa na gridi ya taifa. Gridi nayo hucheza, sikatai, ndo maana upime. Ukutani tegemea volti 230 hivi. Waya wa njano wa pawa saplai ni volti 12. Mashine ikiwa na kazi nzito ikashuka chini ya 11.4, sawa, badilisha. Isiposhuka, angalia vumbi, feni, ramu. Au mwanachuo auze dagaa wa mama yake pale Kibirizi abadilishe kifaa kizima? Jamani, mita kwanza, hela baadaye. Nawasilisha.