Hoja ya Buzwagi haikuwa kelele

Vijiweni husemwa, na bungeni pia, kwamba mbunge wa upinzani akisimama kuzungumzia uchumi ujue anatafuta kura. Kazi yake kupinga. Hesabu waachiwe wenye Serikali. Kauli hiyo nimeisikia mpaka nikaacha kuijibu. Leo naijibu, na shahidi wangu ni Zitto Kabwe.

Agosti 2007, akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, Zitto alitaka Bunge liunde kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Kahama. Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alikuwa ameusaini London mwezi Februari. Swali lilikuwa la kawaida mno: Serikali imesema inapitia upya mikataba ya madini, haraka ya kusaini mwingine, tena ughaibuni, ya nini? Waziri alijibu, wabunge wengi wakaridhika, na mleta hoja akasimamishwa hadi Januari 2008 kwa madai ya kusema uongo.

Novemba hiyohiyo Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani ipitie sekta ya madini. Zitto alikuwamo, adhabu yake ya bungeni ikiwa bado haijaisha.

Kisha ikaja Sheria ya Madini ya 2010. Mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 3 hadi 4, lakini asilimia hiyo moja si jambo kubwa. Kubwa ni kwamba mrabaha ulianza kukokotolewa kwenye thamani ghafi ya madini, badala ya kile kinachobaki mwekezaji akishakata baadhi ya gharama zake. Mkodishe mtu shamba kwa fungu la mavuno, umwachie ajitolee kwanza gharama ndipo mgawane, uone utapata magunia mangapi. Mwaka 2017 mrabaha ukafika asilimia 6, na Serikali ikajipa hisa zisizopungua asilimia 16 migodini. Safari hii meza ziligongwa kwa shangwe.

Sidai kwamba yote ni kazi ya mtu mmoja. Bei ya dhahabu duniani ilikuwa inapanda, na viongozi wa dini na asasi za kiraia nao walipaza sauti. Ninachokataa ni kusema hoja ile ilikuwa siasa tupu.

Na kama kazi yake ilikuwa kupinga tu, ya Dowans tuyaelezeje? Mwaka 2009 Zitto alitetea TANESCO inunue mitambo ya umeme ya kampuni hiyo, iliyokuwa imekaa bure Ubungo huku nchi ikiogopa giza. Chama chake hakikupendezwa, wananchi wengi wakamshuku. Mtafuta kura haendi njia hiyo. Unaweza kusema alikosea, mradi ujue kwamba mwaka 2011 mitambo ileile ilinunuliwa na Symbion ya Marekani, na TANESCO ikawa inanunua umeme wake.

Taarifa Rasmi za Bunge zipo, zimeandikwa neno kwa neno. Wewe unayesema wapinzani hawana hoja ya uchumi, anza na za Agosti 2007, kisha uisome Sheria ya Madini.